Nusu marathoni mwezi wa pili hapa Dar, hili joto mnalikimbiaje?

BintiTabata:
Habari wakuu, shikamooni wakubwa wote. Jogingi klabu ya mtaani kwetu imeandaa mbio za kilomita 21 mwezi wa pili, wala sio kubwa, ni sisi na klabu za jirani tu. Tunaanzia Coco Beach, tunapita daraja la Tanzanite, tunanyoosha Barack Obama mpaka Feri, tunageuza, raundi mbili. Sasa mimi mwezi wa saba nilipiga 21 kwa saa mbili na dakika tano na nikamaliza nacheka, ila tangu kaskazi iingie nikikimbia kilomita nane tu za Jumapili nachemka, moyo unadunda kama nini, jezi naikamua maji yanatoka, na hapo natoka saa 11 alfajiri jua hata halijachomoza! Hivi nimeshuka kiwango au kuna kitu? Na siku yenyewe ninywe nini, maana mdogo wangu ananiambia madafu, kocha anasema maji mengi kadri tumbo litakavyobeba. Mbio zinaanza saa 12 na nusu, kwa saa zetu za Kibongo hesabuni saa moja.

MzeeWaKigamboni:
Marahaba mwanangu. Kiwango kipo palepale, ni hewa iliyobadilika. Watu wa Dar tunaogopa jua wakati kinachotumaliza ni unyevu, na alfajiri ndo unyevu uko juu kuliko muda wowote wa siku, hata kama nyuzijoto ni 25 au 26 tu. Jasho halikupoozi kwa kutoka, linakupooza kwa kukauka, sasa hewa ikishajaa maji linakuwa kama nguo uliyoianika masika, inaning'inia tu kwenye kamba. Mwili ukiona haupoi unapeleka damu nyingi kwenye ngozi, miguu nayo inataka damu yake, moyo unahudumia wote wawili, ndo maana mapigo yanapanda wakati pesi ni ileile.

Wala sio wewe peke yako. Mashindano ya dunia Doha 2019 marathoni ya wanawake iliwekwa saa sita usiku ili wakwepe jua, na bado kati ya wanawake 68 walioanza 28 hawakumaliza, na wale ndo wanalipwa kwa kazi hiyo. Angalia na Simbu, mkimbiaji wetu wa marathoni, Boston Aprili 2025 kashika nafasi ya pili kwa 2:05:04, Septemba kaenda Tokyo kwenye joto kachukua dhahabu ya dunia kwa 2:09:48. Hakwenda kupigana na saa, alikwenda kupigana na watu, na joto akaliachia dakika zake.

Kwahiyo hiyo saa mbili na dakika tano isahau mpaka mwezi wa saba. Mi ningeanza taratibu hasa, hata kuongeza nusu dakika au zaidi kwa kila kilomita, raundi ya kwanza uwe unaweza kupiga stori sentensi nzima nzima bila kukatika. Ukifika Feri mara ya pili bado una pumzi, hapo kanyaga. Afu mazoezi usiyahamishie kwenye treadmili ya jimu yenye kiyoyozi, mwili unahitaji kama wiki mbili za kukimbia kwenye joto lenyewe ndo uzoee, damu inaongezeka maji na jasho linaanza kutoka mapema.

Jambo lingine kuhusu njia yenu: kwenda mjini kaskazi inakuwa mgongoni, na upepo wa mgongoni ukikimbia nao unaona kama hewa imesimama, utapikika kwelikweli, na pale darajani kilomita nzima hamna hata mti. Kurudi ndo upepo unakupiga usoni unapata nafuu. Usije ukashangaa ukajiona mbovu wakati wa kwenda.

RabaMoja:
Mzee naheshimu ila ya Simbu tusiisukumie joto lote, ile Tokyo ilikuwa mbio ya kuviziana, walikuja kuamua kwenye mita za mwisho ndani ya uwanja mpaka ikaangaliwa picha, yeye na Mjerumani muda uleule. Hata kungekuwa na baridi wasingekimbia 2:05.

MzeeWaKigamboni:
Sawa mkuu, nusu yake nakupa. Lakini waliviziana kwa nini? Kila mmoja alijua akitoka mapema lile joto litamkata.

ZamuYaUsiku:
Mimi ni nesi, naomba niseme kwenye maji maana huyo kocha ananitisha. Kunywa kadri tumbo litakavyobeba ni hatari, ukijaza maji matupu huku chumvi inatoka na jasho, sodiamu kwenye damu inashuka, mtu anavimba vidole, kichwa kinauma, anatapika, anachanganyikiwa, na wenzake wanaona kaishiwa maji wanamwongezea mengine! Kunywa ukisikia kiu, mafunda machache kila meza ya maji, basi. Ukitaka kujijua jipime mizani kabla na baada ya mazoezi, kilo moja iliyopungua ni kama lita moja ya jasho, na kama umerudi umeongezeka uzito basi ulizidisha.

Madafu ni mazuri ila yana potasiamu nyingi na sodiamu kidogo, na jasho linabeba sodiamu. Kunywa ukimaliza pamoja na chakula cha chumvi. Njiani ORS, ile ya pakti ya chumvi na sukari, inatosha, soma pakti imeandikwa maji kiasi gani usikisie. Ukiikosa, lita moja ya maji safi, sukari vijiko vya chai sita na chumvi nusu kijiko cha chai, na uionje kwanza kwenye mazoezi, tumbo la mbio halipendi wageni.

Na dada, zile diklofenaki na ibuprofeni watu wanazomeza kabla ya mbio ili goti lisiume, acha kabisa. Figo zinakuwa tayari na kazi ngumu.

Waandaaji waambie barafu. Feri pale kwenye soko la samaki barafu haikosekani, wanunue waweke kwenye ndoo sehemu ya kugeuza, unatia kwenye kofia unavaa. Na mkiona mtu anayumba, anaongea vitu havieleweki, hata kama bado anatoka jasho, msikae mnampepea na gazeti, mlazeni kivulini mmwagieni maji ya barafu mwili mzima papo hapo huku mtu mwingine anatafuta gari. Kumpooza ndo kwanza, hospitali inafuata.

BintiTabata:
Asanteni sana jamani, ya barafu nimeshairusha kwenye grupu la klabu, na kocha kaisoma kakaa kimya. Swali la mwisho: tisheti tuliyopewa ni ya pamba, nzito, ina kola na nembo za wadhamini mgongoni, na wamesema lazima ivaliwe.

RabaMoja:
Bandika namba kwenye singlendi, ya pamba mwachie mtu wa mizigo, vaa wakati wa medali. Wadhamini shida yao ni picha tu. Na mafuta ya mgando mapajani na kwapani, usije ukaoga unalia.