Kanuni ya simu darasani chuoni: naiandikaje bila kuonekana mkoloni?

Mkufunzi_Chumbageni (Tanga)
Wakuu, heshima kwenu. Muhula unafunguliwa wiki mbili zijazo. Darasa la stashahada, wanachuo 64, vipindi vya dakika 120, madawati ya mbao. Notsi zinakwenda kwa PDF kwenye kundi la WhatsApp, na wengi hawana kompyuta mpakato, kwa hiyo simu ndiyo kitabu chao. Ndiyo hiyo hiyo wanayochatia. Hawa ni watu wazima: kuna wenye watoto, kuna wenye biashara za mtandaoni. Nataka kanuni isiyozidi ukurasa mmoja. Niandike nini, adhabu iwe ipi, na simu nikiichukua niiweke wapi?

Raskazone
Mkuu, usiipangie kanuni simu, ipangie kazi inayofanyika dakika ile. Ukiandika "simu marufuku" halafu dakika kumi baadaye ukasema "fungueni PDF ukurasa wa 14", umeshajivunjia mwenyewe.

Wakati wa maelezo, simu iwe ndani ya begi. Kuilaza kifudifudi mezani hakutoshi. Mwaka 2017 watafiti wa Marekani waliwapima watu karibu 800: walioacha simu chumba kingine walifanya vizuri kuliko waliokuwa nayo mezani, ingawa zote zilikuwa kimya. Majaribio ya baadaye hayakupata jibu lile lile kila mara, kwa hiyo usilifanye msahafu. Sababu ya pili haihitaji utafiti: simu ikitetemeka juu ya ubao wa dawati, dawati zima linavuma na watu watatu wanageuka. Andika "kimya bila mtetemo". Na alamu wazizime mmoja mmoja, maana kwenye simu nyingi alamu hulia hata sauti ikiwa imezimwa.

Wakati wa zoezi, simu juu ya dawati, kioo kikiangalia juu, PDF wazi. PDF waipakue kabla ya kuingia, kisha waweke hali ya ndegeni. Faili lililokwisha kupakuliwa linafunguka bila mtandao, na meseji haziingii. Usipowaambia wapakue mapema, watu 64 wataanza kupakua kwa pamoja ndani ya kipindi, mtandao utakwama, na wakati wanasubiri watakwenda kuangalia stetasi.

Kona ya juu ya ubao weka maneno mawili tu: SIMU NDANI au SIMU MEZANI. Badilisha kila kazi inapobadilika. Kosa linalowaangusha wakufunzi wengi ni kusahau kubadilisha. Mwanachuo akiona ubao unasema NDANI wakati wote wanasoma PDF, kuanzia hapo haangalii tena ubao.

Dakika ya 55 toa mapumziko ya dakika 5, simu huru. Anayejua kwamba nafasi inakuja atavumilia. Asiyejua ataichungulia chini ya dawati dakika ya 20. Kupiga picha ubao kuwe dakika 2 za mwisho, kabla hujafuta.

Kitochi_Mbili
Mnajichosha. Shona mifuko ya kitambaa yenye namba 1 hadi 64, ning'iniza ukutani, kila mtu atumbukize simu mlangoni. Kwisha habari.

Raskazone
Piga hesabu kwanza. Sekunde 7 kwa kila simu mara 64 ni dakika saba na nusu kuingia, na nyingine kama hizo kutoka. Robo saa imeyeyuka kwenye kipindi cha saa mbili. Halafu jina lako lenyewe linajibu: atatumbukiza kitochi, simu janja ibaki mfukoni. Na siku kioo kikipasuka au simu ikikosekana, nani analipa? Ukishaipokea, iko mikononi mwako.

Kukusanya kunafaa siku ya jaribio tu. Siku hiyo zizimwe kabisa, ziwe ndani ya mabegi, mabegi mbele ya chumba, pamoja na saa janja na spika za masikioni. Watangazie wiki moja kabla kwamba hesabu zitafanywa kwa kikokotoo halisi, la sivyo siku ya jaribio nusu watasema walitegemea cha kwenye simu.

Bi_Makorora
Ndugu yangu wa Chumbageni, hujagusa dharura, na hapo ndipo kanuni nyingi zinageuka dhuluma. Mwenye mtoto mchanga nyumbani au mgonjwa hospitali asiombe ruhusa mbele ya watu. Akuone kabla ya kipindi, akuambie "leo nasubiri simu", basi. Usidai cheti. Akae karibu na mlango, simu ikiita atoke bila kuinua mkono, apokelee nje.

Kwenye simu afanye hivi: aende mipangilio ya "Usinisumbue", aruhusu namba alizozitia nyota tu, mbili au tatu zitoshe. Simu nyingi za Android zina pia kipengele cha anayerudia: mtu yule yule akipiga mara ya pili ndani ya dakika 15, simu inaita, mradi kimya chake ni cha "Usinisumbue", si cha kuzima sauti wala hali ya ndegeni. Awaambie wa nyumbani, "ikiwa ni dharura, piga mara mbili". Hilo linafaa kwa darasa zima, na linamwondolea kila mtu kisingizio cha "naogopa nyumbani watanitafuta".

Adhabu: iwe ndogo na isikose. Mara ya kwanza, onyesha kwa mkono neno lililo ubaoni na usikatize somo. Mara ya pili katika kipindi hicho, mwenyewe anakuja kuiweka mezani kwako ndani ya bahasha yenye jina lake, anaichukua kipindi kikiisha. Akirudia kipindi baada ya kipindi, mzungumze nje, wawili tu. Usiilaze simu ya mtu ofisini: humo mna hela zake, na nauli ya kurudi Makorora huenda imo humo. Usiifungue, usisome. Na usikate alama za mazoezi, kwa sababu alama zinapima anachokijua. Akikata rufaa utamjibu nini?

Kaole_Bgmy
Kutoka Bagamoyo naongeza la kurekodi. Kwenye masomo ya vitendo, kama ngoma au maigizo, simu ni kifaa cha kazi, lakini kila mtu akirekodi hakuna anayecheza. Simu moja kwa kikundi cha watu 5 au 6, iegemezwe mahali pamoja, nyingine ndani.

Sauti ya mkufunzi irekodiwe kwa kujisomea, kwa ruhusa, isisambazwe. Video yenye sura ya mwenzako haiendi kwenye kundi lolote bila yeye kukubali. Tangu Mei 2023 tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inayotumika, kwa hiyo hili si adabu tu.

Mkufunzi_Chumbageni
Ahsanteni sana. Rasimu ina mistari minane. Mstari wa 5: "Matumizi mabaya ya simu hayataruhusiwa." Mstari wa 8: "Kanuni hii inamhusu mkufunzi pia." Niibandike tu siku ya kwanza?

Bi_Makorora
Usibandike kwanza. Siku ya kwanza tenga dakika 20. Isome kwa sauti, wakae wannewanne, kila kikundi kipendekeze badiliko moja, CR (mwakilishi wa darasa) ayakusanye. Yanayofaa yaingize, yasiyofaa sema kwa nini umeyaacha. Wiki ya nne iangalieni tena.

Raskazone
Mstari wa 5 futa. "Mabaya" kwa nani? Taja vitendo: kuchati, kuperuzi, kucheza gemu, kupokea simu ndani ya chumba. Mstari wa 8 upandishe uwe wa kwanza. Na kama unaunganisha projekta kwa intaneti ya simu yako, waambie mapema, wasione unaishika kila dakika wakadhani unajibu meseji. Arifa zako nazo zizime kabla, zisije zikatokea ukutani.