Mgeni kachomeka rauta yake kwenye waya wa TV, nyumba nzima ikakosa intaneti. Nifungeje poti za swichi?

Msimamizi_Shela: Assalaam alaykum jamaa. Natunza mtandao wa nyumba ya wageni hapa Shela, Amu. Swichi, yaani kisanduku kinachounganisha waya zote za mtandao, ni Cisco ya poti (matundu) 24, na kila chumba kina waya wake wa TV. Wiki iliyopita mgeni alichomoa waya wa TV akauchomeka kwenye karauta kake ka safari. Kompyuta ya mapokezi ikakosa intaneti, printa ya risiti nayo ikapotea. Nimepanda na kushuka ngazi tangu adhuhuri hadi magharibi, nikidhani kuna waya ulioliwa na chumvi. Kumbe ile rauta ilikuwa inawagawia watu anwani za IP (namba za kuingilia mtandaoni), kazi ya rauta yetu.

Nataka kila poti ikubali kifaa chake tu. Lakini naogopa kujifungia nje, na fundi hapa ni mimi peke yangu. Naombeni ushauri.

Fundi_Langoni: Waalaykum salaam. Anza kwa kuzima poti zote zisizo na kazi. Dakika 5 tu.

Kizimbani: Ndugu yangu, ingia kwenye poti ya chumba, iweke access (hali ya poti ya kifaa cha kawaida), kisha:

switchport port-security
switchport port-security mac-address sticky
switchport port-security violation restrict

Usipotaja idadi, poti hukubali anwani moja tu ya MAC (namba ya utambulisho ya kifaa). Hiyo sticky huinasa anwani ya kifaa cha kwanza inachokiona, kwa hivyo hakikisha TV imechomekwa na inawaka. Ukiacha mstari wa tatu, kifaa kigeni kikija poti hujizima kabisa, na lazima uingie uipige shutdown halafu no shutdown. Ukiweka restrict, kigeni kinakataliwa na kosa linaandikwa, lakini TV ikirudishiwa waya wake inaendelea. Hutaamshwa usiku.

Sasa shika hili, maana mimi lilinitesa. Anwani zilizonaswa hukaa kwenye mipangilio ya sasa tu. Usipopiga copy running-config startup-config, stima ikikatika zote zinapotea, na ikirudi, kifaa chochote kitakachotangulia ndicho kitakachonaswa. Hapo unaweza kumlinda mgeni na kuifungia nje TV yako mwenyewe.

Dau_la_Pate: Nakubali, ila asilale akidhani yuko salama. Anwani ya MAC hunakiliwa, na rauta nyingi ndogo zina kitufe cha kufanya hivyo. Kinga kamili ni 802.1X na seva ya RADIUS, ambapo kifaa hujitambulisha kwanza na seva hukikagua, lakini TV nyingi haziwezi kujitambulisha kwa njia hiyo. Na ugonjwa wako hasa ni DHCP ya kigeni, yaani kifaa kisicho chenu kugawa anwani za IP. Washa ip dhcp snooping, inayozuia ugawaji huo, kwenye VLAN zako (mitandao iliyotenganishwa ndani ya swichi moja), na poti iendayo kwenye rauta yenu peke yake ndiyo uipe trust (ruhusa ya kugawa). Mapokezi yawe VLAN yao, mbali na vyumba.

Kizimbani: Kweli kabisa. Tena poti ya akses pointi (kifaa cha Wi-Fi) usiibane kwa anwani moja, simu zote za wageni hupitia hapo. Na tangu Android 10 na iOS 14, simu hutumia MAC ya kubuni kwa kila mtandao.

Msimamizi_Shela: Mungu awalipe. Nimeanza na chumba kimoja cha juu. Nimechomeka laptopu yangu, imekataliwa. Nimerudisha TV, imeamka. Nimehifadhi, nikaizima swichi makusudi na kuiwasha, anwani ingalipo. Kesho naingia kwenye snooping na VLAN. TV ikiungua na kuletwa nyingine, nifanyeje?

Kizimbani: Piga clear port-security sticky interface, ukimalizia na jina la poti, chomeka TV mpya, kisha hifadhi tena. Na usihamishe TV ya zamani chumba kingine kabla ya kuifuta kule ilikotoka, swichi itahesabu kosa.