Naomba ushauri: taa ya breki inafifia nikiwasha taa za usiku

Habari zenu wakuu. Naombeni msaada, nina Corolla 110 ya mwaka 1998. Mchana taa za breki zinawaka vizuri zote mbili. Shida ni usiku: nikiwasha taa kubwa halafu nikakanyaga breki, ya kushoto badala ya kuongeza mwanga inafifia, na indiketa ya upande huohuo inawaka kwa mbali. Ya kulia haina neno.

Fyuzi ni nzima. Balbu nimeweka mpya, 12V 21/5W, hali ileile. Swichi ya kwenye pedeli siishuku, maana ingekuwa mbovu zingegoma zote. Ila nilipofungua taa ndani ya buti nimekuta soketi ina kutu ya kijani, na waya mweupe wenye mstari mweusi, ambao naamini ndio wa ethi (unaorudisha umeme kwenye bodi ya gari), umeungwa kwa solotepu. Breki ikiwa imekanyagwa na taa zimewashwa, multimita inasoma kama volti 4 kati ya waya huo na bodi.

Fundi umeme anataka kuvuta waya mpya kutoka mbele mpaka nyuma. Roho inasita kukata waya za gari zima, lakini nasafiri na familia usiku na wa nyuma yangu lazima aone nikifunga breki.

Je, hii siyo ethi tu? Na nikiivuta upya kutoka kwenye soketi hadi kwenye bodi, nitumie waya wa unene gani na niufunge wapi?