Septemba 1752 ina siku 19 tu, hizo nyingine zimeenda wapi?

Mchokonozi
Wakuu habari zenu, naombeni msaada maana hiki kitu kimeninyima usingizi. Juzi nilikuwa najifunza Linux, ile skrini nyeusi ya kuandika komandi, sasa kuna komandi inaitwa cal inakuletea kalenda ya mwezi wowote unaotaka. Nikawa nachezea miaka ya zamani, nilipoandika cal 9 1752 mstari wa kwanza ukaja 1, 2, afu 14, 15, 16. Yani Jumatano tarehe 2, kesho yake Alhamisi tarehe 14! Nikajua programu mbovu, nikajaribu kompyuta nyingine, vilevile. Nimehesabu mwezi mzima siku 19. Hizo 11 zimeenda wapi? Na waliokuwa wanadaiwa kodi ya nyumba ilikuwaje, walilipa ya mwezi mzima?

MamaTarehe
Mkuu kompyuta yako nzima kabisa, hiyo ni kalenda ya Uingereza na makoloni yake, hizo siku waliziruka kwa sheria.

Kisa kinaanzia kwa Julius Caesar. Kalenda yake ilihesabu mwaka kuwa siku 365 na robo, ndo maana kila mwaka wa nne tunaongeza 29 Februari. Ila mwaka wenyewe wa jua haufiki hapo, unapungua kama dakika 11. Dakika 11 unaziona si kitu lakini zikijikusanya miaka 128 hivi ni siku nzima hiyo, na watu waliendelea hivyohivyo miaka zaidi ya 1,600! Matokeo yake ile siku ya Machi ambayo usiku na mchana vinalingana, ambayo kanisa linaitegemea kupiga hesabu ya Pasaka, ikawa imesogea siku 10 kutoka pale ilipokuwa mwaka 325, kanisa lilipoweka hesabu hiyo. Papa Gregory wa 13 akaamuru mwaka 1582 ikiisha Alhamisi 4 Oktoba ije Ijumaa 15 Oktoba. Siku za wiki hazikuguswa, zilirukwa namba tu.

Italia, Hispania, Ureno na Poland walifuata siku hiyohiyo. Waingereza walikuwa wameshajitenga na Papa, wakagoma miaka 170, na walipokubali pengo lilikuwa limefika siku 11 kwa sababu 1700 kwa kalenda ya zamani ulikuwa mwaka mrefu ila kwa mpya haukuwa. Kanuni mpya ni kwamba mwaka wa mwisho wa karne hauwi mrefu mpaka ugawanyike kwa 400. 2000 ulikuwa mrefu, 1900 haukuwa, na 2100 hautakuwa.

Kalamu_Kavu
Naongezea hapo kwa MamaTarehe. Mtakatifu Teresa wa Ávila alifariki Hispania usiku wa tarehe 4 kuamkia tarehe 15 Oktoba 1582. Rudia kusoma hiyo sentensi, haijakosewa, ni usiku mmoja! Na ndo maana sikukuu yake ni 15 Oktoba mpaka leo. Mi nilivyoijua mara ya kwanza nilikaa naiwaza siku nzima.

Mwingine ni mwanasayansi Newton, Waingereza waliandika kazaliwa Krismasi ya 1642, ila kwa kalenda tunayotumia sasa ni 4 Januari 1643. Na Mapinduzi ya Oktoba ya Urusi yalitokea 7 Novemba 1917, kwao ilikuwa bado 25 Oktoba, walikuja kubadilisha mwaka uliofuata.

Msomaji_wa_Usiku
Mchokonozi kuhusu wenye madeni naona hujajibiwa na mi ndo swali lililonivutia. Sheria yao iliweka wazi kwamba kodi na madeni haviwahishwi, siku zihesabiwe kama zamani, kwa hiyo kama umebakiwa na siku 30 za kulipa unabaki nazo 30 kamili, inabadilika tarehe tu. Alama yake ipo mpaka leo, mwaka wa kodi ya serikali ya Uingereza unaanza 6 Aprili. Zamani hesabu zilifungwa sikukuu ya 25 Machi, ongeza siku 11 unapata 5 Aprili, afu mwaka 1800 ikasogezwa siku moja tena.

Na tafadhali mkikutana na ile stori kwamba watu waliandamana wakifanya fujo wakidai turudishiwe siku zetu 11, msiisambaze. Chanzo chake ni picha ya mchoraji Hogarth ya mwaka 1755 ya karamu ya uchaguzi, humo ndani kuna bango lina maneno hayo, watu wakachukulia ni tukio la kweli. Inaniuma sana maana tukio la kweli lenyewe linashangaza vya kutosha.

Fundi_Hesabu
Mmewasahau Waswidi. Wao walipanga waruke siku kidogokidogo kwa kufuta 29 Februari za miaka 40 kuanzia 1700. Wakafuta ya kwanza, vita ikawabana, 1704 na 1708 hawakufuta, wakajikuta hawafanani na nchi yoyote duniani. Mwisho mfalme akasema turudi tulikotoka, na ili warudi ikabidi 1712 waongeze siku, wakawa na 30 Februari. Tarehe thelathini kabisa.

Kingine Mchokonozi jaribu mwenyewe, fungua Excel, ile programu ya majedwali ambayo tarehe kwake ni hesabu ya siku kuanzia 1 Januari 1900, andika 60 kwenye kisanduku afu kibadilishe kiwe tarehe, uone inakuletea nini.

Mchokonozi
Asanteni sana wakuu, hasa huo usiku wa tarehe 4 kuamkia 15, nimemsomea mke wangu akanambia rudia.

Fundi nimejaribu, imekuja 29 Februari 1900! Si MamaTarehe kasema mwaka 1900 haukuwa mrefu?

Fundi_Hesabu
Haukuwa. Hilo kosa lilikuwemo kwenye programu ya zamani ya Lotus 1-2-3, Excel ikaliiga makusudi ili mafaili ya watu yafunguke bila tarehe kuhama, na mpaka leo hawajalitoa. Andika 59 upate 28 Februari, andika 61 upate 1 Machi, hiyo 60 ya katikati ndo siku ambayo haikuwahi kuwepo.