Gari la kale la Kimarekani likiwekwa injini ya kisasa, bei inapanda au inashuka?

Chuma cha Texas:
Wakuu kwema? Niko Houston, kuna mzee jirani yangu anauza Chevrolet Chevelle Malibu ya 1970, milango miwili, bodi imenyooka, kutu ipo ila sio ya kutisha, limelala gereji miaka mingi. Injini ni ile ile lililotoka nayo kiwandani, V8 ya 307 (inchi za ujazo, kama lita 5), lakini imekwisha, oili imechanganyika na maji na bloku inasemekana ina ufa. Fundi wa hapa ananiambia hiyo 307 niitupe, niweke LS, V8 ya kisasa ya Chevrolet, ile ya lita 6.0 ya kwenye pikapu ya Silverado iliyopata ajali, pamoja na gia boksi yake na kompyuta yake, kisha gari litawaka asubuhi bila kubembelezwa. Swali langu ni hili, nikiweka LS thamani inapanda au naiua? Maana sitakaa nalo milele, nataka nilifaidi kisha niuze.

Kaka Spana:
Inapanda. Gari lisilowaka ni vyuma chakavu, linauzwa kwa kilo. Weka LS, weka breki za diski mbele, weka AC, utaniambia.

Baba Nasra:
Spana unampotosha mwenzio. Huku Marekani thamani ya gari la zamani inaanzia kwenye namba. Kuanzia 1968 Chevrolet walikuwa wanagonga kipande cha namba ya chesisi kwenye bloku, pale mbele upande wa abiria chini ya silinda hedi, mnunuzi anakuja na tochi, anafuta grisi, anasoma, ikilingana na ya kwenye dashibodi bei inakuwa nyingine kabisa na isipolingana anaanza kushusha kabla hata hajakaa kwenye siti. Chukua Chevelle SS ya 1970, ile ya spoti, yenye 454 LS6, V8 kubwa ya kale ya hosipawa 450, usiichanganye na hiyo LS ya Silverado. Yenye injini yake ya kuzaliwa na yenye injini ya kuokoteza ni magari mawili tofauti ukifika mnadani, na tofauti yake sio ya hela ya soda. Ile Plymouth Cuda ya 1971 yenye Hemi, V8 yao kubwa kabisa, isiyo na paa la bati, watu wa mnada wa Mecum waliiuza Seattle mwaka 2014 dola milioni 3.5. Unadhani ingekuwa na injini ya Silverado nani angenyanyua mkono?

Kaka Spana:
Mimi sipotoshi mtu, kazi yangu ni hii na inalisha watoto. Soma alichoandika jamaa. Ana 307! Sio 454, sio Hemi. 307 ni injini ya kumpeleka bibi kanisani, hosipawa 200 za kwenye karatasi, tena zile za kizamani zilizopimwa injini ikiwa mezani haijafungwa feni wala ekzosti kamili, ukiipima kwa mtindo uliokuja 1972 hiyo 200 huioni. Nani atakuja na tochi kusoma namba ya 307? Nyie mlioko huko mnaabudu namba. Huku Tanzania sisi tunataka gari litembee, ndio maana hata kwenye Land Rover tumetoa ile takataka ya Mwingereza tukaweka 1HZ, dizeli ya Toyota, na sasa inaenda Loliondo na kurudi bila kuvutwa na trekta.

OneTen Arusha:
Takataka??? Kaka pima maneno yako. Land Rover imebeba nchi hii mgongoni, imebeba madaktari, mapadri, watafiti, maiti na mitihani ya taifa wakati barabara hazipo. 300Tdi, dizeli yake yenyewe, ikitunzwa haina baya, tatizo ni nyie mafundi mnaopima oili kwa macho na kufunga hedi bila kufuata vipimo, ikichemka mnasema Mwingereza.

Binti Ilala:
Jamani tusimtupe mleta mada. Mimi niko Atlanta, nafanya kazi ya bima, magari haya nayaona kila wiki. Kabla ya kuongelea LS angejua kwanza gari lilikuwa nini kiwandani. Chevrolet ya 1970 namba ya chesisi inakwambia ni V8 au silinda sita, basi, haikwambii ni SS au Malibu ya kawaida, ile herufi ya kutaja injini imeanza kuwekwa kwenye namba 1972. Ndio maana SS za kughushi zimejaa mitaani. Ushahidi ni karatasi ya kiwandani, mara nyingi waliiacha juu ya tanki la mafuta na nyingine ndani ya siti, ashushe tanki aangalie. Ikisoma 307 kweli basi hilo ni gari la kawaida, LS haitaliua, pengine litauzika haraka kwa watu wanaotaka kuendesha. Ila asijidanganye, hela anayoingiza haitarudi yote. Gia boksi, waya, pampu ya mafuta ya kwenye tanki, redieta, vishikio vya injini, shafti ya kukata upya, fundi. Huku bima ya magari ya zamani mnakubaliana thamani mwanzoni, kwa hiyo nakaa na risiti za watu mkononi, na wengi wametumia kuliko gari linavyouzika. Ukitaka faida tafuta ambalo mwenzio keshabadilisha akachoka, ununue kwa bei ya huruma.

Baba Nasra:
Spana, hilo neno la kuabudu namba sijalipenda. Mimi nasali msikitini. Namba ni ushahidi, kama hati ya kiwanja. Hivi mnajua kuna watu huku wanakwangua ule uso wa bloku wanagonga namba mpya ili ifanane? Wangejisumbua hivyo kama namba hazina thamani?

Kaka Spana:
Wanagonga za 454 mkuu. HAKUNA anayegonga za 307.

Mjukuu wa Kongowea:
Mimi niko upande wa Baba Nasra ila kwa sababu nyingine. Huku Mombasa marehemu babu alikuwa na Peugeot 504, gari iliyoshinda Safari Rally 1975 na tena 1978, si mchezo. Babu alipofariki ami akaitoa injini akatia ya Toyota, eti spea rahisi. Gari ikatembea, kweli. Lakini akaja mtu kutoka Nairobi ana pesa zake, anakusanya magari ya zamani, akafungua boneti, akafunga, akasema ahsante, akaenda zake. Ile injini ya zamani ilikuwa imeshauzwa kwa kilo. Na kwenye logibuku namba ilikuwa bado ya injini ya kwanza, kwa hivyo hata mtu wa kawaida aliogopa kununua akidhani ni gari ya wizi.

OneTen Arusha:
Naona Spana kanikimbia. Nauliza hivi, lile tamasha la Land Rover hapa Arusha Oktoba 2024 watu walikuja na nini, na 1HZ? Msururu ule ulikuwa na gari za baba na babu zetu, injini zao ndani.

Kaka Spana:
Sijakimbia, nilikuwa chini ya gari. Na tamasha hilo nililiona. Nusu ya zile zingefunguliwa boneti ungelia. Isuzu, Nissan, Toyota, humo humo. Zingekuwa na injini zao nyingine zingekuja kwa kuvutwa.

OneTen Arusha:
Hiyo nusu umeihesabu wewe na nani? Unatukana gari za watu waliotoka mikoani kwa hela zao.

Mjukuu wa Kongowea:
Isuzu kwenye Land Rover si dhambi bwana, jeshi la Australia walikuwa na Land Rover zilizotoka kiwandani na dizeli ya Isuzu, zile Perentie, 4BD1 ya lita 3.9. Na leo zinatafutwa hivyo hivyo zilivyo.

OneTen Arusha:
Kiwandani!! Umejijibu mwenyewe. Kiwanda kikifanya ni sawa, fundi wa chini ya mwembe akifanya ni jambo lingine.

Chuma cha Texas:
Wakuu samahani, Land Rover nimeielewa, ila mimi nina Chevelle.

Kaka Spana:
Chini ya mwembe ndio wapi? Mimi gereji yangu ina paa, ina umeme wa njia tatu na ina winchi ya kushushia injini. Na hoja ya kiwanda ni dhaifu. Don Yenko wa Pennsylvania alikuwa muuza magari tu. Mwaka 1967 alichukua Camaro mpya, anang'oa injini anaweka 427, leo hizo Camaro watu wanauza nyumba kuzipata. Kang'oa injini, thamani imepanda, sasa semeni.

Baba Nasra:
Yenko alifanya gari likiwa jipya, akaliuza na karatasi. Wewe ni Yenko?

Kaka Spana:
Mimi ni Spana na wateja wangu wanarudi kwa hiari yao.

Binti Ilala:
Hoja ya Yenko ni nzuri na mnaipoteza kwa kutukanana. Kilichobeba bei pale ni kwamba kila kitu kimeandikwa. Halafu kumbukeni wakati ule vijana walikuwa wanapeleka magari haya kwenye mashindano ya robo maili wikiendi, injini ikipasuka wanarudi kwa wakala wapewe nyingine kwa waranti, Chevrolet walizigonga herufi CE. Kwa hiyo magari mengi yalipoteza injini zao za kwanza yakiwa bado mapya. Mleta mada, bloku yako hata ikiwa na ufa USIITUPE. Ifunge vizuri, iweke kona ya gereji, ukiuza gari uza nayo. Na usikate chesisi wala ukuta wa moto, lile bati linalotenganisha injini na abiria, tumia vishikio vya kufunga kwa bolti ili anayetaka kurudisha arudishe. Mnunuzi akitokea California pia hana shida, gari la 1975 kurudi nyuma halipimwi moshi kule.

Chuma cha Texas:
Hii ya kutunza bloku nimeichukua dada, ahsante sana. Jumamosi namshawishi mzee tushushe tanki tuone kama karatasi ipo. Ila sasa nawaza kitu kingine, nikilitengeneza je nilisafirishe Dar? Mchuma kama huu nani analo Masaki?

Mjukuu wa Kongowea:
Usukani kushoto huo, galoni ya mafuta inaisha kabla hujafika Mwenge.

Baba Nasra:
Usilipeleke popote. Na LS usiweke, tafuta 307 nyingine ya mwaka huo huo, zipo kwa bei ya kutupa kwa sababu hakuna anayezitaka.

Kaka Spana:
HAKUNA ANAYEZITAKA. Umeandika wewe, sio mimi.

OneTen Arusha:
Spana bado nakudai jibu. Hizo Land Rover ulizoweka 1HZ, kwenye kadi ya gari umewabadilishia wateja namba ya injini au umewaachia msala na trafiki? Maana namjua mtu Ngaramtoni ana One Ten, Land Rover 110, imesimama mwaka mzima, kila mnunuzi akisoma kadi anaondoka.

Kaka Spana:
Mimi nafunga injini na natoa risiti ya ilikotoka. Kupeleka gari likakaguliwe na kubadilisha kadi ni kazi ya mwenye gari, na nawaambia wote kabla sijalegeza bolti ya kwanza. Huyo wa Ngaramtoni mwambie atafute risiti, akiwa nayo aanze na ukaguzi, asipokuwa nayo amrudie aliyemuuzia injini. Na mwambie wanunuzi wanaondoka kwa sababu ya kadi, sio kwa sababu ya 1HZ.