Tulikwenda mume na mke kuchagua nani afunge uzazi, mimi nikaambiwa nisubiri nje

Ndugu zangu, nimekaa na jambo hili wiki mbili nikidhani hasira itapoa, lakini kila nikimwona mke wangu akishika kovu la tumbo anapoinama kuwasha jiko, inapanda upya. Tunaishi Uyole, hapa Mbeya, tuna watoto wanne, na watatu kati yao walizaliwa kwa upasuaji. Sindano za uzazi wa mpango zilimfanya atokwe na damu miezi mitatu mfululizo, na vidonge vya vichocheo viwili alikatazwa kwa sababu ya presha. Tulikubaliana kwamba watoto wametosha, na mimi nikamwambia kwamba yeye amekatwa vya kutosha, safari hii nitakwenda mimi.

Tulifika kituoni saa moja na nusu asubuhi, katika baridi ile ya Julai, benchi lote likiwa limejaa akina mama waliojifunika vitenge na watoto wao. Muuguzi akaniambia, "Baba subiri nje, tunaanza na mama." Nilipomweleza kwamba mteja ni mimi alicheka, akamwita mwenzake wa chumba cha pili aje asikie, na huyo mwenzake akaniuliza, "Baba, bado kijana wewe, ukija kuoa mwingine je?" Aliyatamka hayo mke wangu akiwa ameketi kando yangu, kadi yake ya kliniki mapajani. Hakujibu neno. Aliikunja ile kadi, akaikunja tena, mpaka ikawa ndogo kama kiberiti.

Kisha wakafungua bango kitita na kutueleza kwa kirefu kufunga mirija ya mwanamke. Ukurasa wa mwanamume ulipindushwa pamoja na uliofuata, nikauona kwa nusu sekunde. Nilipoomba urudishwe, nikaambiwa kwamba wanaume wa huku hawafanyi hivyo, na kwamba mtaalamu mwenyewe hayupo. Atarudi lini? Hakuna aliyejua.

Sasa nauliza, ushauri ni nini kama si kuwaeleza wote wawili njia zote mbili? Kumfunga mwanamke mirija ni kuingia tumboni, na kwa aliyepasuliwa mara tatu viungo vya ndani huweza kuwa vimeshikana, kazi ikawa ngumu na ya hatari zaidi. Mwanamume hupigwa ganzi, ngozi ya mfuko wa korodani ikatobolewa tundu dogo, mirija miwili inayopitisha mbegu ikakatwa na kufungwa, na kwa kawaida haizidi nusu saa kabla ya kurudi nyumbani. Njia hii isiyotumia kisu ilibuniwa na daktari Li Shunqiang wa China mwaka 1974, kwa hiyo si jambo la kumshangaza mtumishi wa afya leo. Wala si kuhasiwa, kama alivyonong'ona mmoja wao: korodani zinabaki, vichocheo vya kiume vinaendelea kuingia katika damu, na nguvu ziko palepale.

Silaumu njia ya mwanamke yenyewe. Kama tungeulizwa mapema, kabla ya upasuaji wa mwisho, mirija ingefungwa humo humo mezani bila kukatwa mara nyingine, na pengine leo nisingekuwa naandika. Hatukuulizwa wakati ule pia.

Na pale wanapokubali kumhudumia mwanamume, maelezo yenyewe yanakuwa nusu nusu. Shemeji yangu wa Mafinga alifungwa mirija, akaruhusiwa kwenda bila kuambiwa kwamba mbegu zilizokwisha kupita hubaki njiani, kwamba lazima watumie kondomu au njia nyingine kwa miezi 3, kisha shahawa zipimwe. Mkewe alishika mimba mwezi wa pili, ukoo ukamwita malaya, na mabegi yake yalikwisha kutolewa nje kabla daktari mwingine hajawaeleza. Shirika la Afya Duniani limeandika wazi: pale shahawa zinapopimwa, mimba za mwaka wa kwanza ni kama 2 katika wanandoa 1,000, na zisipopimwa zinafika 2 hadi 3 katika kila 100. Kwa mwanamke aliyefungwa mirija ni kama 5 katika 1,000. Hizo ndizo hesabu tulizostahili kuwekewa mezani, pamoja na onyo kwamba njia zote mbili ni za kudumu na hazizuii Ukimwi.

Mke wangu sasa anasema bora afungwe yeye, yaishe, kwa kuwa hataki kuchekwa tena. Nimekataa. Kama kuna mwanamume aliyehudumiwa Mbeya, Iringa au Njombe, naomba aniambie mtaalamu huwapo siku gani na kama mke anaruhusiwa kuingia chumbani. Nauli ninayo, na ruhusa kazini nimeshaomba.