Waandaaji wa mikutano ya teknolojia "kwa viziwi": mnatuita tujifunze au mnatuita tupigwe picha?

Wakuu, salaam.

Hili jambo limenikaa kooni muda mrefu, na leo naliweka hapa jamvini kwa sababu kwenye makundi ya waandaaji hao ukilisema unaondolewa. Mimi ni kiziwi. Usikivu uliondoka nikiwa shule ya msingi, baada ya homa ya uti wa mgongo. Naandika kodi, yaani maagizo ya programu za kompyuta, ndiyo kazi inayonilisha, na Lugha ya Alama ya Tanzania ndiyo lugha ninayotumia na wenzangu kuanzia asubuhi mpaka usiku. Nayasema haya mapema ili asitokee mtu wa kuniambia sijui ninachokizungumzia.

Kuna watu hapa mjini Dar es Salaam wanaandaa mikutano ya teknolojia, hakathoni (mashindano ya kubuni teknolojia) na mafunzo ya siku moja, wanaandika kwenye tangazo kwamba ni kwa ajili ya viziwi na wenye usikivu hafifu, wanaombea fedha kwa jina letu, halafu siku yenyewe kiziwi anakaa pale tangu asubuhi hadi jioni na anarudi nyumbani bila kitu kichwani. Mikutano iko mingi na waandaaji ni tofauti, lakini yanayotokea ndani ni yale yale.

Chukueni huu wa Jumamosi iliyopita. Ratiba inaanza saa tatu asubuhi, inaisha saa kumi jioni. Mkalimani ni mmoja. Dada mmoja, peke yake, siku nzima! Kila anayejua kazi ya ukalimani wa lugha ya alama anajua kwamba kikao kirefu kinahitaji wakalimani wawili wanaopokezana kila baada ya dakika ishirini au thelathini hivi, kwa sababu akili inachoka kabla hata ya mikono. Ilipofika saa sita mikono ya yule dada ilikuwa imeshuka kutoka kifuani mpaka tumboni, sentensi anazikata katikati, maneno mengine anayaacha kabisa. Chakula kilipokuja hakula, kila mtu alimhitaji: huyu anataka kuongea na mgeni, yule anataka kuuliza choo kiko wapi. Mimi sina ugomvi naye hata kidogo. Ugomvi wangu ni na aliyemlipa mtu mmoja kazi ya watu wawili akaona ameokoa hela.

Kisha projekta ikawashwa na mtu akazima taa zote ili slaidi zionekane vizuri. Mkalimani akapotea gizani. Viziwi zaidi ya nusu ya ukumbi, na hakuna hata mwandaaji mmoja aliyeona kwamba kuzima taa kwetu ni sawasawa na kuzima sauti! Kijana mmoja akasimama na simu yake, akawasha tochi akammulika mkalimani. Alisimama hivyo mkono juu mpaka mada ikaisha. Alikuwa ametoka Chanika na daladala mbili aje kujifunza, akaishia kuwa taa.

Sasa nije kwenye jambo ambalo wengi wenu mnaosikia hamjawahi kulifikiria, na ndilo linalotuumiza zaidi kwenye mikutano ya kodi. Mtoa mada anafungua kompyuta, anaanza kuandika programu mubashara huku anaeleza: "hapa natengeneza fankisheni, hapa naita kanzidata, ona hii mistari miwili". Nyinyi macho yako kwenye kioo na masikio yako kwake, vyote kwa wakati mmoja. Mimi nina macho tu. Nikimtazama mkalimani, kodi imeshabadilika. Nikiitazama kodi, maelezo yamenipita. Hakuna mkalimani duniani, awe hodari vipi, anayeweza kulitatua hilo. Anayeweza kulitatua ni mtoa mada mwenyewe: aeleze kwanza, anyamaze, aandike, asubiri tusome, ndipo aendelee. Mbinu hii haina gharama hata ya shilingi moja. Nilimwandikia mwandaaji kwenye karatasi nikampa kabla kikao hakijaanza, akasoma, akanionyesha dole gumba, akaikunja akaiweka mfukoni. Mtoa mada hakuambiwa chochote.

Na kuna suala la istilahi. Wakalimani wetu wengi wamekomaa kwenye ibada, mahakamani, hospitali, taarifa ya habari. Ukimletea maneno ya seva, kanzidata, usimbaji, matawi ya kodi, hana alama zake, kwa hiyo anatamka herufi moja moja kwa vidole. Neno la herufi kumi ni alama kumi, na mtoa mada haoni sababu ya kupunguza mwendo. Sisi viziwi tunaofanya kazi hizi tunazo alama zetu, tumezitengeneza wenyewe tukiwa kazini na vijiweni, zinaeleweka na ni fupi. Mkalimani akipewa slaidi siku mbili kabla na akakaa nusu saa na viziwi wawili wa fani hii, mkutano unabadilika kabisa. Slaidi zilitumwa? Hazikutumwa. Niliuliza wiki nzima kwenye kundi la WhatsApp, na mnajua nilijibiwaje? Kwa voisi. Kwenye kundi la viziwi! Voisi ya dakika mbili, nikaanza kutafuta mtu wa kunisikilizia, na jibu lenyewe lilikuwa "tutawajulisha".

Wenye usikivu hafifu nao wanasahauliwa kwa namna yao. Watu wanadhani sote tunajua lugha ya alama. Wengi wao hawaijui, wamekua wakivaa shime sikio (kifaa cha kukuza sauti) au wakisoma midomo, na wanachohitaji ni maiki inayotumika muda wote, msemaji asiyewapa mgongo, na maandishi kwenye kioo. Halafu anapanda mtu jukwaani anasema "mimi sauti yangu inatosha, maiki ya nini", ukumbi unacheka, anaiweka pembeni. Kuna mama mmoja mwalimu, anavaa shime sikio masikio yote mawili, alikuwa ameketi mstari wa pili. Alipoona maiki imewekwa chini alifunga daftari lake.

Msiseme manukuu ya papo hapo ni teknolojia ya wazungu isiyofika huku. Live Transcribe ya Google, inayogeuza maneno ya msemaji kuwa maandishi, ipo tangu 2019, mmoja wa walioianzisha ni Dimitri Kanevsky, mtafiti ambaye ni kiziwi tangu utotoni, na Kiswahili kimo. Ni programu ya bure kwenye simu ya Android. Lakini ukiiweka simu mezani mita kumi kutoka kwa msemaji, na msemaji mwenyewe anachanganya Kiswahili na Kiingereza ndani ya sentensi moja, kinachotoka kwenye kioo hakisomeki. Inahitaji sauti itoke kwenye maiki iingie moja kwa moja kwenye simu au kompyuta, inahitaji msemaji achague lugha moja abaki nayo, na inahitaji mtu mmoja wa kusahihisha maneno yanayopotoka. Ni kazi ya kijana mmoja mwenye kompyuta na waya. Walioandaa tukio la teknolojia wanashindwa na hilo?

Kwenye hakathoni ndiko nilikotoka na hasira ya kweli. Mada ilikuwa kutatua changamoto za viziwi. Jopo la majaji: hakuna kiziwi hata mmoja. Mshindi: glavu ya kugeuza alama kuwa sauti. Glavu tena! Mwaka 2016 wanafunzi wawili wa Chuo Kikuu cha Washington kule Marekani walipata zawadi ya dola 10,000 ya Lemelson-MIT kwa glavu walizoziita SignAloud, magazeti yakashangilia, na walimu wa lugha ya alama na wa isimu wa chuo hicho hicho wakaandika barua ya wazi kueleza kwamba kitu hicho hakitafsiri lugha. Lugha ya alama haiko vidoleni peke yake. Nyusi zinauliza swali, mdomo unaonyesha ukubwa na udogo, mabega yanaonyesha nani anamwambia nani, macho yanaelekeza. Glavu haioni uso. Na hata ingekuwa inaona, inamsaidia nani? Inamwezesha anayesikia asihangaike kujifunza alama hata kumi, na kiziwi ndiye anayevaa waya. Majibu ya huyo anayesikia yatanifikiaje mimi? Swali hilo nililiandika, likapelekwa kwa mshereheshaji, halikusomwa kwa sababu "muda umetutupa mkono". Muda wa kupiga picha ya pamoja na hundi kubwa ya karatasi ulikuwepo.

Nawalaumu majaji na waandaaji, vijana walioshinda siwalaumu. Hawakuwahi kukaa na kiziwi, hakuna aliyewakutanisha naye, wakabuni kutokana na walichokiona mtandaoni. Kikundi cha viziwi wanne kilikuwa na wazo la kuripoti dharura kwa maandishi na video badala ya kupiga simu, jambo ambalo kila kiziwi aliyewahi kuibiwa au kuuguliwa na mtoto usiku analijua. Walipewa dakika tatu sawa na wengine, ukalimani ukala nusu ya muda, wakakatwa katikati. Mliita hiyo haki sawa!

Kinachonichoma ni kutendewa kama wageni wanaoonewa huruma kwenye fani hii. Robert Weitbrecht alikuwa mwanafizikia kiziwi huko California, na mwaka 1964 ndiye aliyetengeneza modemu iliyowawezesha viziwi kutumiana maandishi kupitia laini ya simu ya kawaida, wakati ambao watu wengi duniani hawajawahi kuona kompyuta. Vint Cerf, aliyebuni pamoja na Robert Kahn itifaki ya TCP/IP ambayo intaneti yote inasimama juu yake, ana usikivu hafifu na amevaa shime sikio tangu akiwa kijana mdogo. Kwa hiyo mnapotuweka mstari wa mbele kwa ajili ya kamera na kutuacha nje ya mazungumzo, mjue mnawatoa watu kwenye nyumba waliyosaidia kuijenga.

Mtaniambia bajeti. Bajeti ilitosha fulana za rangi mbili, keki yenye nembo ya mfadhili, mabango matatu ya kusimama na droni ya kupiga picha ukumbi kwa juu. Mkalimani wa pili ndiye aliyekosa fungu. Tanzania iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu mwaka 2009, na Ibara ya 9 inawataja wakalimani wa kitaalamu wa lugha ya alama kwa jina. Mwaka uliofuata tukatunga Sheria ya Watu Wenye Ulemavu. Wenzetu Kenya wameiweka lugha yao ya alama kwenye Katiba ya 2010 kuwa lugha rasmi ya Bunge, pamoja na Kiswahili na Kiingereza. Sisi bado tunaomba mkalimani wa pili kwenye mkutano unaosema ni wetu.

Nimewaandikia waandaaji kwa barua pepe, sijajibiwa. Sitaji jina la kikundi chochote hapa, nia yangu si kumwaibisha mtu mmoja, na wenyewe wakisoma watajitambua.

Ninachotaka ni hiki. Kwenye kamati ya maandalizi waingie viziwi, na wawe na kura juu ya matumizi ya fedha, siyo kuitwa siku mbili kabla "mtusaidie kuleta watu". CHAVITA, Chama cha Viziwi Tanzania, wapo, waulizwe kuhusu wakalimani kabla bango halijachapwa. Tangazo liseme wazi wakalimani ni wangapi na kama manukuu yatakuwepo, ili mtu wa Mbagala au Bunju ajue kabla hajachoma nauli. Taa zisizimwe. Slaidi ziende kwa wakalimani mapema. Maiki isiwekwe chini kwa sababu yoyote. Majaji wa kazi zinazotuhusu watoke kwetu angalau nusu. Na kwenye makundi yenu ya WhatsApp andikeni.

Kwa wafadhili wanaopita humu: mkiletewa ripoti yenye picha zetu tunatabasamu, ombeni risiti ya wakalimani. Halafu chagueni viziwi watatu kutoka kwenye orodha ya mahudhurio, muwaulize kwa maandishi walijifunza nini siku hiyo.

Mkutano mwingine umetangazwa mwezi ujao, mwandaaji ni yule yule na bango ni lile lile. Mimi na wenzangu tumekubaliana hatujiandikishi mpaka yajibiwe maswali mawili: wakalimani wangapi, na nani kiziwi yuko kwenye kamati. Viziwi na wenye usikivu hafifu mlioko Arusha, Mwanza, Dodoma, Mbeya, kama na huko ndivyo mnavyofanyiwa, andikeni hapa chini ilikuwaje. Tunakusanya yote tuwapelekee wafadhili kabla ya tarehe hiyo.